Re: Msiba Kyela, na siku mbili za Matema

Pole sana dada, wewe na ukoo wote.

Umeuliza ukate tiketi ya siku ngapi, na kama ni aibu kwenda kukaa ufukweni Matema, Ziwa Nyasa, kabla ya kurudi. Yote mawili yanategemea tanga linaanuliwa lini. Muulize hilo msemaji wa familia kabla hujagusa tiketi. Maziko mara nyingi huwa mchana, saa nane au tisa, kisha kinafuata kikao cha ukoo: madeni, watoto, shamba. Mtu wa ng'ambo akiondoka kesho yake ya maziko, kikao kile humfuata kwenye simu miezi mitatu. Kwa hiyo hesabu kuanzia kuanua tanga, ongeza mbili za ziwani na moja ya barabara.

Pasipoti ikiwa imeisha muda, ubalozi hutoa hati ya dharura ya kusafiria. Hiyo inakufikisha nyumbani tu. Kurudi kunataka pasipoti mpya, shilingi 150,000, na siku za kuisubiri. Mwenye pasipoti ya nje anaweza kulipia viza akishatua Dar: dola 50 kwa wengi, 100 kwa raia wa Marekani. Noti za dola za kabla ya 2006 usibebe, zinakataliwa. Ukipita Addis Ababa au Nairobi na kusubiri zaidi ya saa 12, uwe na kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Wengi hukwama Dar penyewe. Ndege ya kimataifa inashusha Jengo la Tatu, ya Mbeya inaondokea Jengo la Pili, na ni mwendo wa gari. Tiketi zikiwa mbili tofauti, mzigo unauchukua mwenyewe na kuukabidhi upya. Acha saa nne katikati. Ndege ya alfajiri nayo ina ukungu wa Songwe, uwanja wa ndege wa Mbeya, hasa miezi ya baridi. Halafu kumbuka Songwe ni upande wa Tunduma, wakati njia ya Kyela inakatia Uyole, maana yake unalivuka jiji zima, Mafiati na Mwanjelwa, nyuma ya malori.

Basi kutoka stendi ya Mbezi Louis, Dar, hadi Mbeya ni kilomita kama 830, alfajiri hadi usiku. Lori moja likizimika kwenye kona za mlima Kitonga, siku imekwenda. Treni ya TAZARA kwa kwenda msibani usithubutu; labda kurudi.

Rambirambi ya kundi letu ipeleke kwa shilingi, na orodha iliyoandikwa: jina, kiasi, mji. Itasomwa mbele ya watu. Ukitaja jumla tu, nusu yetu tutahesabiwa hatukuchanga. Simama hapo mezani mpaka katibu amalize kuandika kwenye daftari.

---

Naongezea la Matema.

Aibu ni kutoroka. Muage baba mdogo au shangazi, mwambie unakwenda kupumzisha mwili siku mbili, atakuelewa. Kosta za Kyela zinapatikana stendi ya Nanenane, Mbeya. Njia ya Matema inachepuka Kikusya, inapita Ipinda, kama kilomita 39. Beba sweta ya Tukuyu na gauni jepesi la Kyela, maana unashuka kutoka kwenye baridi hadi kwenye joto, kama mita 500 tu juu ya usawa wa bahari.

Nenda ufukweni asubuhi. Milima ya Livingstone imesimama mashariki, karibu kabisa na maji, kwa hiyo kumekucha lakini mchanga bado uko kivulini, wa baridi. Mitumbwi ndiyo inarudi, usipa, dagaa wa ziwani, unaanikwa, na kusini huoni ila maji. Mtu anaweza kulia pale bila kuulizwa.

Mwera, upepo wa kusini, ukivuma, zaidi Mei hadi Agosti, mawimbi yamesafiri ziwa zima na yanapasuka kama ya bahari. Usipande mtumbwi kwenda kijiji cha Ikombe. Mdomo wa Mto Lufilyo uache kabisa, kuna mamba. Kichocho kipo, hata penye mchanga msafi. Ukiingia majini, ukirudi huko omba kipimo baada ya wiki sita hadi nane; ukipima mapema hakionekani. Malaria Kyela ni nyingi. Kwa safari ya ghafla kinga inayofaa ni atovakoni na proguanili, unaanza siku moja au mbili kabla na kumalizia siku saba baada ya kutoka. Doksisaiklini nayo ni wiki nne baada, na watu huiacha njiani.

---

Kama siku zako zinaangukia Jumamosi, gulio la Lyulilo liko hapo hapo, vyungu vya Wakisi vinatoka Ikombe. Nunua chungu kidogo chenye mdomo mpana, kijaze soksi na kanga za msibani, kisha ukibebe mkononi. Kwenye sanduku la chini kitafika vipande.