Mrejesho: Gitaa nililoliacha kwa miaka 26

Ndugu zangu, salamu kutoka Umoja, Nairobi. Miezi mitano iliyopita niliwauliza iwapo mtu wa miaka 57, aliyejifunza gitaa peke yake kwa kusikiliza redio na kuliacha kwa miaka 26, anaweza kulirudia ilhali vidole vinauma. Nawashukuru nyote mlionijibu.

Niliyemfuata kwanza ni yule aliyenitaka nilichunguze gitaa kabla ya kuilaumu mikono yangu. Fundi alipolitazama, aliona kwamba nyuzi zilikuwa zimeinuka mno juu ya shingo. Akakisugua kijiti kinachozibeba hadi kikashuka, akafunga nyuzi nyembamba zinazoanzia inchi 0.010, nami nikazilegeza zote kwa nusu toni na kubana kapo, yaani kibano kinachokaza nyuzi zote kwa pamoja, kwenye freti ya kwanza, kile kijichuma cha kwanza kinachokatiza shingo, hivyo sauti ikabaki ile ile huku kidole kikibonyeza bila kupambana. Wiki ya pili maumivu yalipungua, na sasa ncha za vidole zimeota sugu.

Mazoezi ya dakika 20 kila alfajiri nimeyashika. Metronomu, kile kifaa kinachogonga mapigo ya muziki, kusema kweli, ilinishinda. Nimerudia kugonga mguu sakafuni, maana mimi nililelewa na omutibo, mtindo wa gitaa wa magharibi mwa Kenya, ambako chupa ya soda ikikwaruzwa ndiyo hushika mwendo.

Kusoma nota nako nimeshindwa, na kidole changu kidogo cha kushoto bado hakifiki ninakokituma. Hata hivyo, Jumapili iliyopita nilipiga nyimbo mbili mbele ya jamaa. Ya pili niliikosea katikati, binti yangu akacheka, nikaendelea hadi mwisho.