Je, Serikali igharimie vitabu huria vya vyuo vikuu?

Mkaazi wa Changanyikeni: Ndugu zangu, naomba tulijadili hili bila jazba. Mnufaika wa Bodi ya Mikopo hupewa fedha za vitabu na viandikwa, hadi shilingi 200,000 kwa mwaka, na sote tunajua kwamba sehemu ya fedha hizo huishia kwenye mashine za fotokopi za steshenari zilizo nje ya geti la chuo. Hoja yangu ni kwamba Serikali itenge fungu la kuwalipa wahadhiri waandike vitabu vya kozi za mwaka wa kwanza, vihakikiwe na wenzao, kisha vitolewe kwa leseni huria, ili chuo chochote kivipakue, kivirekebishe na kivichapishe bila kumwomba mtu ruhusa. UNESCO ilikwishapitisha pendekezo la namna hiyo mwaka 2012. Huenda tukapumzika pia na wahadhiri wanaouza makabrasha kupitia viongozi wa darasa.

Chaki Nyeupe: Sentensi yako ya mwisho imenifanya niweke kando mitihani niliyokuwa nikisahihisha. Nafundisha takwimu mwaka wa 16 sasa, na kabrasha unalolibeza nililiandika usiku, kwa kompyuta niliyoinunua mwenyewe, kwa sababu kitabu kilichotajwa kwenye mtaala kilikuwa na nakala mbili maktabani kwa darasa la wanafunzi zaidi ya mia tatu. Kabla hujatuita wachuuzi, uliza kwanza kwa nini tuliandika.

Binti Makongo: Shikamoo, mwalimu. Hakuna anayekubeza, lakini nikiwa mwaka wa pili tuliuziwa kabrasha kwa shilingi 7,000, majina ya waliolipa yakaorodheshwa na kupelekwa ofisini, na kurasa za katikati zilikuwa zimetolewa kopi kutoka kitabu cha kigeni, kivuli cha kidole gumba cha aliyekishikilia kikionekana pembeni hadi mwisho wa sura.

Chaki Nyeupe: Marahaba. Kidole hicho si changu.

Mkutubi wa Zamani: Turekebishe mwaka kabla haujazoeleka. Lililotolewa 2012 ni Azimio la Paris kuhusu nyenzo huria za elimu, na Pendekezo la UNESCO lilipitishwa Novemba 2019, ambalo ndilo linalozitaka nchi wanachama zijenge uwezo, ziandae sera na zitafute namna endelevu ya kugharimia nyenzo hizi. Si jambo geni kwetu pia, kwani nyenzo za TESSA za mafunzo ya ualimu, ambazo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ni miongoni mwa wabia wake, zipo hata kwa Kiswahili. Penye pengo ni kwenye kuhariri na kuhuisha, kazi ambayo haina fungu la fedha wala sherehe ya uzinduzi. Nimepokea mikononi mwangu kitabu cha akiba, kile cha kusomwa kwa zamu, kilichonyofolewa sura nzima kwa wembe, na sikumlaumu sana aliyenyofoa, maana mtihani ulikuwa kesho yake na watu arobaini walikuwa kwenye foleni.

Mlipa Kodi wa Ubungo: Mkopo wa Benki ya Dunia wa mradi wa HEET, ule wa kuboresha elimu ya juu nchini, ni dola milioni 425, nao utalipwa na wajukuu zetu. Sasa mhadhiri ambaye mshahara wake ni kodi yangu alipwe tena kwa kuandika alichoajiriwa kukifundisha?

Chaki Nyeupe: Niliajiriwa kufundisha, kufanya utafiti na kutoa ushauri. Nionyeshe kifungu kinachosema niandike kitabu cha taifa zima.

Mlipa Kodi wa Ubungo: Nawe nionyeshe kinachokuruhusu kukiuza.

Mkutubi wa Zamani: Someni Sheria ya Hakimiliki ya 1999, kisha kila mmoja asome mkataba wake wa ajira. Kuhusu HEET, mradi haukuwa wa majengo peke yake, kwani kuhuisha mitaala kumo, na ndipo hoja ya mtoa mada ilipopaswa kuingizwa, maana mtaala mpya usio na kitabu humrudisha mwanafunzi kwenye steshenari ileile.

Mkaazi wa Changanyikeni: Ahsante kwa kukumbuka kwamba kulikuwa na mada. Mwalimu, kabrasha lako ungekubali liwe huria?

Chaki Nyeupe: Nikilipwa mara moja malipo ya haki, jina langu likabaki, na asitokee mtu wa kuivuruga sura ya uwezekano halafu makosa yake yakasomwa kama yangu.

Mkutubi wa Zamani: Leseni za Creative Commons, ambazo ndizo leseni huria zinazotumika sana, zinamtaka anayetumia kazi amtaje mwandishi na aeleze kama amebadilisha kitu.

Chaki Nyeupe: Basi niwekee hapa maandishi yake niyasome nikimaliza mitihani.

Mlipa Kodi wa Ubungo: Suala la kulipwa mara mbili bado halijajibiwa.