Mjadala: Mwanafunzi wa sosholojia alazimishwe kusoma falsafa?

Mtoa hoja (Kampala):
Ndugu zangu, hapa Kampala nasikia sana kwamba nchi inataka watafiti wa kwenda Karamoja na Busoga na madodoso, walete takwimu, halafu falsafa waachiwe mapadri. Napinga kabisa.

Tazameni dodoso lenyewe. "Mkuu wa kaya ni nani?" Mume ana nyumba Mbale na nyingine Jinja. Mke wa Mbale ndiye anayelima, analipa karo, anaamua mahindi yauzwe lini. Mtafiti anaandika jina la mume. Kabla hajahesabu chochote ameshaamua mamlaka ni nini, wala hajui kwamba ameamua.

Makerere ilishabishana haya. John Mbiti, Mkenya aliyefundisha pale, aliandika mwaka 1969 kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika wakati ni uliopita na uliopo. Ujao karibu haupo. Okot p'Bitek wa Gulu, aliyesomea anthropolojia Oxford, mwaka 1970 akawashutumu wasomi, Mbiti akiwemo, kwa kuivisha miungu ya Kiafrika kanzu za Kigiriki, yaani kuieleza kwa dhana za falsafa ya Wagiriki. Ile ilikuwa falsafa au sosholojia? Nani atazitenganisha?

Mchangiaji (Soroti):
Mwalimu, kwa heshima zote, sikubali. Mimi nakusanya takwimu za zahanati vijijini na mwenye mradi anataka ripoti mwisho wa mwezi. Isitoshe, dai la Mbiti halihitaji mwanafalsafa kulijibu. Nenda Busoga umwone mzee anayepanda mvule, mti ambao yeye hatauvuna, watauvuna wajukuu. Falsafa ya darasani inahukumu watu ambao haijawahi kuwauliza lolote.

Mtoa hoja:
Hilo la mwisho nakupa, tena bila kinyongo. Lakini huyo mzee wa mvule anakusaidia kwa sababu umeshakata shauri kwamba kupanda mti ni ushahidi wa kuifikiria kesho. Mbiti alitazama vitenzi vya Kikamba na Kikuyu, wewe unatazama matendo. Kipi kina uzito zaidi, na kwa nini? Takwimu zako za zahanati haziwezi kulijibu swali hilo, hata ukizikusanya miaka kumi. Ndiyo maana nataka lifundishwe mwaka wa kwanza, kwa lazima, kabla mtu hajakabidhiwa dodoso. Na anayesomea falsafa apelekwe kijijini muhula mzima, alama zake zitoke huko.