Muungano mkongwe uuleeje muungano mchanga bila kuufanya tegemezi?

Swali

Ndugu zangu, muungano wetu wa kuwakinga vijana dhidi ya pombe, tumbaku na dawa za kulevya umetimiza miaka minane, na sasa tumeombwa kuulea muungano mchanga wa jamii jirani. Nimewatembelea mara tatu, na kila mara wameomba mpango wetu wa kazi ili waunakili kama ulivyo. Nikiwanyima nitaonekana mchoyo, na nikiwapa nahofia watatibu ugonjwa usio wao. Mlezi aanzie wapi?

Jibu la kwanza

Hofu yako ina msingi. Utaratibu wa kinga wa SAMHSA, taasisi ya serikali ya Marekani, una hatua tano: kutathmini hali, kujenga uwezo, kupanga, kutekeleza na kupima matokeo. Anayenakili mpango wa mwenzake ameiruka hatua ya kwanza, ambayo ndiyo inayozibeba nyingine zote. Wasaidie kuwauliza vijana wao, kwa dodoso lisilo na majina, iwapo wametumia kileo chochote katika siku 30 zilizopita, wanaionaje hatari yake, na wazazi na rafiki zao wangelichukuliaje jambo hilo. Huenda kwenu tatizo lilikuwa pombe inayouzwa kwa watoto, ilhali kwao ni vidonge vya hospitali vinavyochukuliwa kabatini nyumbani.

Jibu la pili

Mimi nasisitiza suala la watu, kwa kuwa hapo ndipo muungano tuliokuwa tukiulea ulipovunjikia. Tuliwaandalia kila kikao na kuandika kumbukumbu kwa niaba yao, hata mwenyekiti wao alipohama hapakuwa na aliyejua pa kuanzia. Mpango wa Marekani wa kuifadhili miungano ya aina hii, uliotokana na sheria ya mwaka 1997, unataka wawakilishi wa sekta 12, wakiwamo vijana wenyewe, wazazi, shule, polisi, viongozi wa dini na wafanyabiashara. Siku hizi sikubali kuongoza kikao cha ninaowalea. Naketi pembeni, na ushauri wangu nautoa baadaye.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Mpango wetu nitawapa, ila baada ya dodoso lao, tena pamoja na kumbukumbu za yaliyotushinda, hasa ile mikutano ya kuwatisha wanafunzi kwa picha, ambayo iliwashtua kwa siku moja bila kubadili mwenendo wao.