Familia ya Busisi: BANGO

*Shangazi Rehema, 07:10*
Mwangaluka wote. Fundi wa bango letu la samaki anaanza kesho. Tangu daraja lifunguliwe 2025 magari yanatoka Kigongo na kupita Busisi bila kusimama. Foleni ya pantoni ndiyo iliyokuwa inatuletea wateja, sasa ni bango tu. Michango jamani!

*Shangazi Rehema, 07:12*
Maneno tayari, ya watalii wa hifadhi ya Rubondo: CONSPICUOUS FLASHY FISH. Rangi waridi na njano.

*Shangazi Rehema, 09:40*
Mmesoma wote, mmenyamaza.

*Mwalimu Deo, 10:05*
Shikamoo shangazi. Naomba fundi asubiri. "Conspicuous" ni kinachoonekana haraka hata kama hakipendezi. Lori lililopinduka barabarani ni conspicuous. "Flashy" ni ya kujionyesha, cheni nene na viatu vya kung'aa. Mgeni ataogopa bei.

*Doto, 10:07*
Kumbe ba'mdogo Lameck ni flashy 😂😂

*Ba'mdogo Lameck, 10:09*
Doto koma, cheni hii ni ya harusi.

*Doto, 10:09*
Harusi ya nani, mbona hatukualikwa 😂

*Shangazi Rehema, 10:15*
Fundi ananipigia! Deo, basi "striking"?

*Mwalimu Deo, 10:31*
Zuri, ila hilo ni la kitu kinachokufanya usimame ukitazame. Jiwe la Bismarck pale Mwanza jua likizama, hilo ni striking. Sato wa kukaanga hapana. Na "eye-catching" ni sifa ambayo mpita njia ndiye analipatia bango, lenyewe halijisifu. Dereva yuko kasi, anasoma maneno mawili. FRESH TILAPIA, herufi nene nyeusi juu ya njano. Waridi tuache, hapo tunafika kwenye "garish", rangi za kuumiza macho.

*Kulwa, 13:30*
Deo yuko sahihi. Ila rangi ananunua nani? Ile ya juzi nilinunua mimi, ikaishia kwenye mtumbwi.

*Shangazi Rehema, 13:33*
Kulwa, hayo tuliyamaliza.

*Kulwa, 13:33*
Mliyamaliza ninyi.

*Babu Masanja, 18:20*
Nimesomewa yote. Kulwa arudishiwe hela yake. Kabla ya hapo brashi isiguse ubao wa mama yenu.

*Shangazi Rehema, 18:22*
Sawa baba.

*Mwalimu Deo, 18:40*
Tumesikia babu.

*Shangazi Rehema, 20:15*
Fundi nimemsogeza hadi Jumamosi. Lameck, mtumbwi ulikuwa wako.

*Shangazi Rehema, 21:02*
Lameck?

*Doto, 21:50*
Chini ya FRESH TILAPIA tuweke na SATO, wasukuma nao wanakula 🐟