Muumini Atazame Nini Kwanza Anapompigia Mtu Kura?

Mtafuta Hoja:
Ndugu zangu, naomba tulijadili jambo hili bila kutajiana vyama. Kila uchaguzi unapokaribia, mtu wa dini hupewa orodha ndefu ya mambo ya kupima: uhai wa mtoto aliye tumboni, ndoa, uhuru wa kuabudu, mahakama za kadhi, rushwa, hali ya maskini, vita na amani, na mwenendo wa mgombea nyumbani kwake. Hakuna mgombea anayeyatimiza yote, kwa hiyo ni lazima mengine yatangulie na mengine yasubiri. Lipi linatangulia, na kwa hoja gani?

Msharika Mtiifu:
Uhai, wala sioni sababu ya kuzungukazunguka. Aliyenyimwa kuzaliwa hanufaiki na barabara, hospitali wala elimu. Ndiyo maana nchini Kenya, mwaka 2010, viongozi wengi wa makanisa waliwataka waumini waikatae katiba iliyopendekezwa, ingawa walikiri kwamba ilikuwa na mema mengi. Ibara ya 26 ilitamka kwamba uhai huanza mimba inapotungwa, kisha kifungu chake cha nne kikafungua mlango kwa kuruhusu mimba itolewe pale ambapo mtaalamu wa afya ataona kwamba maisha au afya ya mama imo hatarini. Walishindwa kwenye kura, lakini kushindwa si kukosea.

Mama Parokia:
Ndugu Msharika, nami naamini uhai ni mtakatifu, ila kutoka imani hiyo hadi kwenye sanduku la kura kuna hatua umeiruka. Mwaka 2004 Kardinali Ratzinger, ambaye mwaka uliofuata alikuwa Papa Benedikto wa 16, alilifafanua suala hili kwa ajili ya maaskofu wa Marekani. Alieleza kwamba Mkatoliki anayempigia mtu kura kwa sababu mtu huyo anaunga mkono utoaji mimba anashiriki uovu wenyewe, lakini asiyekubaliana naye katika hilo, akampigia kura kwa sababu nyingine, anaweza kuruhusiwa endapo sababu hizo zina uzito unaolingana. Papa Fransisko naye, alipoulizwa Septemba 2024 kuhusu wagombea wawili wa Marekani, mmoja akitaka kuwafukuza wahamiaji na mwingine akitetea utoaji mimba, alijibu kwamba wote wawili wako dhidi ya uhai, na kwamba kila mpigakura apime kwa dhamiri yake ubaya ulio mdogo. Sasa tuambiane: sababu yenye uzito unaolingana ni ipi?

Kalamu Kavu:
Orodha hii ina siri moja ambayo naona hamtaki kuitaja. Muumini hulitanguliza suala lisilomgharimu chochote. Ndoa za wenzake na mimba za wenzake hukaa juu kabisa, kwa kuwa kuzipinga hakumtoi senti mfukoni. Rushwa, ambayo yeye mwenyewe huitoa anapotaka faili lake lisogee, huwekwa chini kabisa. Na mgombea akifika ibadani na bahasha nene, hupewa kiti cha mbele na kipaza sauti, wala hatokei wa kumuuliza bahasha imetoka wapi.

Msharika Mtiifu:
Bwana Kalamu, tuheshimiane. Zaka yangu ni ya jasho langu, na sitakubali kuambiwa na mtu asiyejua hata saa ya ibada kwamba imani yangu inanunulika. Unasema suala la uhai halinigharimu: limenigharimu marafiki, na limenifanya niwanyime kura watu ambao sera zao za kodi zingeninufaisha mimi na wanangu. Ama kuhusu kiti cha mbele, mgeni hukaribishwa kwa adabu. Kukaribishwa si kupigiwa kura.

Mama Parokia:
Swali langu limeachwa mlangoni, lakini hili la bahasha siwezi kulinyamazia. Novemba 2024 Rais William Ruto alihudhuria ibada katika kanisa Katoliki la Soweto, Kahawa West, jijini Nairobi, akatoa shilingi milioni 2 za ujenzi wa nyumba ya mapadre na shilingi 600,000 kwa kwaya na kikundi kingine cha parokia. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo akatangaza kwamba fedha hizo zitarudishwa, pamoja na shilingi 200,000 alizotoa gavana. Siku chache kabla ya hapo maaskofu walikuwa wametoa tamko kali kuhusu uongo wa viongozi na mzigo wa kodi. Mtu ajiweke mahali pa mwenyekiti wa kwaya anayepaswa kuwaeleza wenzake kwamba laki sita zilizokwisha kushangiliwa zinarudi zilikotoka, kisha aseme tena kwamba msimamo wa muumini haugharimu.

Kalamu Kavu:
Hongera kwa Askofu Mkuu, nasema bila kejeli. Hata hivyo habari hiyo ilishika kurasa za mbele kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba haikuwa desturi. Tangu lini kurudisha kisicho halali kumekuwa jambo la kushangaza katika nyumba ya ibada?

Ibn Bahari:
Assalaam alaykum nyote. Nimesoma tangu juu, nami naona tunazungumza kana kwamba wenye dini ni watu wa makanisa peke yao. Katika kura hiyohiyo ya 2010 ambayo ndugu Msharika ameisimulia kwa fahari, walioipinga katiba walipinga pia mahakama za kadhi zilizowekwa katika ibara ya 170, ilhali mahakama hizo zilikuwemo tangu katiba ya uhuru ya 1963 na hushughulikia ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya Waislamu pekee, tena kwa wanaoridhia kwenda huko. Kwa Mwislamu anayeishi mahali ambapo wenzake ni wachache, suala la kwanza si mimba wala bahasha. Ni kama sheria itamtazama kwa jicho lilelile linalomtazama jirani yake.

Wala siwatetei wenzangu kipofu. Jakarta, mji mkuu wa Indonesia, ulikuwa na gavana Mkristo mwenye asili ya Kichina, Basuki Tjahaja Purnama, ambaye watu humwita Ahok. Uchunguzi wa maoni ulionyesha kwamba wakazi wengi waliridhishwa na kazi yake. Septemba 2016 alikwenda kuzungumza na wakazi wa visiwa vilivyo kaskazini mwa jiji kuhusu mradi wa kufuga samaki, na katikati ya maelezo ya samaki akachomeka sentensi kwamba wasidanganywe na wanaoitumia aya ya 51 ya Sura al-Maida, inayowakataza waumini kuwafanya Wayahudi na Wakristo kuwa marafiki wa kuwategemea, kuwazuia wasimchague. Sehemu hiyo ya video ikakatwa na kusambazwa, maandamano makubwa yakafuata, Aprili 2017 akashindwa, na mwezi uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka miwili kwa kosa la kukashifu dini. Miongoni mwa walioridhika na kazi yake wapo waliomnyima kura. Mimi husoma Sura an-Nisaa, aya ya 58, inayoamuru amana zirudishwe kwa wanaostahiki na watu wahukumiwe kwa uadilifu, na naona kwamba uadilifu ndio wa kwanza, hata ukiwa mikononi mwa asiyesali nami.

Msharika Mtiifu:
Shekhe wangu, umesema "kwa fahari", nami sikusema kwa fahari. Lakini kwa kuwa umeleta habari za walio wachache na walio wengi, tazama Nigeria. Mwaka 2023 chama tawala kilisimamisha mgombea urais Mwislamu na mgombea mwenza Mwislamu, Bola Tinubu na Kashim Shettima, katika nchi ambayo Wakristo ni mamilioni kwa mamilioni. Jumuiya ya Kikristo ya huko ilipinga waziwazi, wala haikusikilizwa. Nani aliyelilia uadilifu siku hiyo?

Ibn Bahari:
Nililia mimi, ila hukuniuliza.

Mzee wa Mahakama:
Vijana, poleni na joto. Mfano wa Nigeria una pande ambazo ndugu Msharika hakuzifunua. Mwaka 1993 Moshood Abiola alisimama na Babagana Kingibe, Waislamu wote wawili, wakaungwa mkono hata katika maeneo yenye Wakristo wengi, na kura zao zikafutwa na wanajeshi bila ya kanisa wala msikiti kuhusika. Mwaka 2023 huyo Tinubu aliyehofiwa kuwa angewasahau Wakristo ana mke ambaye ni mchungaji. Na Peter Obi, Mkatoliki, alimshinda Tinubu Lagos, ngome yake Tinubu mwenyewe, akisaidiwa sana na vijana waliokuwa wamechoshwa na hali ya maisha. Dini ya mgombea, kwa maoni yangu, ni kifupisho tu: mpigakura hana muda wa kusoma ilani, basi husoma jina.

Lipo na la kisheria, ambalo hutajwa mara chache. Katiba ya Tanzania, ibara ya 20, hairuhusu kusajiliwa kwa chama cha siasa kinachokusudia kukuza maslahi ya dini fulani. Ya Kenya, ibara ya 91, inakataza chama kuundwa kwa misingi ya dini. Mahali penye katazo hilo muumini hapati chama cha imani yake cha kukihoji kwa sera, kwa hiyo hupima watu, na wagombea nao, kwa kulijua hilo, hujifunza haraka kufunga macho wakati wa sala.

Kalamu Kavu:
Mzee umenikumbusha mwenendo binafsi, ambao muuliza swali aliuweka mwishoni kwa unyenyekevu. Taasisi ya utafiti ya PRRI iliwauliza Wamarekani mwaka 2011 kama kiongozi aliyetenda mambo machafu katika maisha yake binafsi anaweza kutekeleza kazi ya umma kwa uadilifu. Miongoni mwa Wainjilisti weupe, yaani Waprotestanti weupe wa mrengo wa kiinjili, ni asilimia 30 tu waliokubali. Swali lilelile liliporudiwa mwaka 2016, Donald Trump akiwa mgombea, waliokubali walikuwa asilimia 72. Maandiko hayakubadilika katika miaka mitano hiyo. Kilichobadilika ni mgombea.

Msharika Mtiifu:
Nilijua tu kwamba tutafikishwa Marekani. Koreshi, mfalme wa Uajemi, hakumjua Mungu wa Israeli, naye Mungu alimtumia kuwarudisha mateka nyumbani. Daudi alizini na akaua, naye akaitwa mtu aupendezaye moyo wa Mungu. Sichagui mchungaji, nachagua mtawala, na kama mtawala mwenye madoa atawalinda wasio na sauti, nitampa kura yangu kuliko mwungwana atakayewatoa sadaka. Watu wa Mungu hawajawahi kuyumba katika hili.

Mama Parokia:
Ndugu yangu, Koreshi hakupigiwa kura na mtu. Ama Daudi, nabii Nathani alimwendea akamwambia usoni, "Wewe ndiwe mtu huyo." Nathani wa leo yuko wapi, ikiwa ameketi kwenye hema la wageni mashuhuri akisubiri kuitwa aombee chakula?

Mzee wa Mahakama:
Na kuhusu kutoyumba, Mkutano wa Wabaptisti wa Kusini nchini Marekani ulipitisha azimio mwaka 1971 la kutaka sheria iruhusu utoaji mimba katika hali kadhaa, zikiwemo ubakaji, kujamiiana kwa maharimu na madhara kwa afya ya mama. Hiyo ni miaka 2 kabla ya Mahakama ya Juu ya huko kutoa hukumu ya Roe dhidi ya Wade, iliyohalalisha utoaji mimba nchini kote. Mwaka 1976 Wainjilisti wengi walimshangilia Jimmy Carter, mwalimu wa shule ya Jumapili. Mwaka 1980 wengi wao wakamwacha na kumfuata Ronald Reagan, mtu aliyewahi kuachana na mkewe wa kwanza kwa talaka. Msimamo mnaouona wa kale una umri ambao mimi mzee nimeuzidi.

Msharika Mtiifu:
Wabaptisti wa Marekani si watu wa Mungu wote, Mzee, na ukale wa kosa haulifanyi kuwa fundisho. Ninasubiri bado Bwana Kalamu anieleze yeye hupiga kura kwa kuzingatia nini, maana kazi yake humu imekuwa kuwapima wengine.

Kalamu Kavu:
Naangalia nani ataniibia kidogo. Sikusema kwamba ni falsafa.

Mtafuta Hoja:
Naomba nirudi kwa Mama Parokia, maana aliuliza swali la uzito unaolingana na hakuna aliyemjibu. Tuseme mgombea wa kwanza anapinga utoaji mimba kwa nguvu zote, lakini inajulikana kwamba fedha za hospitali zilipotea chini ya usimamizi wake, na wapo kina mama waliokufa wakijifungua kwa kukosa damu. Wa pili ni mwaminifu kwa fedha za umma, ila anaiunga mkono sheria ambayo ndugu Msharika anaichukia. Vifo vya kina mama hao tuviweke kwenye safu ya rushwa au kwenye safu ya uhai?

Msharika Mtiifu:
Hilo ni swali la haki, nami nitalijibu bila hasira. Mwizi anaua kwa kutojali. Sheria ile inaua kwa makusudi na kwa muhuri wa dola. Mwizi naweza kumshtaki, kwa sababu bado anavunja sheria. Nitamshtaki nani siku ambayo kuua kutakuwa ndiyo sheria? Kwa hiyo huyo wa kwanza nitampa kura, kisha nitakuwa wa kwanza kudai kitabu cha mahesabu.

Mama Parokia:
Tofauti ya kukusudia na kutojali naikubali, na mafundisho yetu yanaijua. Lakini mwizi uliyempa dola ndiye atakayemteua mkaguzi na mwendesha mashtaka, kwa hiyo ahadi yako ya kumshtaki haina pa kupelekwa. Kwangu vifo vile vimo kwenye safu ya uhai, na ndiyo sababu yangu yenye uzito unaolingana.

Mzee wa Mahakama:
Niongeze moja kabla sijalala. Kabla ya kuuliza suala lipi ni kubwa, uliza cheo kinachogombewa kina uwezo gani. Diwani hawezi kubadili sheria ya mimba, ya ndoa wala ya mahakama ya kadhi. Anaweza kusimamia zahanati, soko na bomba la maji. Nimewaona waumini wakimhoji mgombea udiwani kuhusu mafundisho ya ndoa kwa saa nzima, kisha akaondoka bila kuulizwa kwa nini zahanati haina mkunga usiku. Kwa mbunge, sawa, mwulize sheria. Kwa rais, mwulize atawateua majaji wa namna gani.

Ibn Bahari:
Mzee, hapo umenena, na mimi ningeanzia hapo laiti tungeanza upya.

Msharika Mtiifu:
Diwani wa leo ndiye mbunge wa kesho, Mzee. Nitamwuliza habari za mkunga, nakubali, tena nitamwuliza kwanza. Lakini na lile jingine nitamwuliza vilevile, na asiponijibu sitampa hata kura ya uenyekiti wa mtaa.