Hela ikipita kwenye simu badala ya keshi, ukwepaji kodi unapunguaje hasa?

FundiWaya_Mza:
Wakuu habari za leo, naomba tujadili hili kwa utulivu. Nina duka la vifaa vya umeme hapa Mwanza, nyaya, soketi, taa, na siku hizi wateja wengi hawatembei na hela mfukoni, mtu anauliza tu lipa namba ikoje, anatuma anaondoka. Sasa kwenye bajeti ya 2025/26 waziri wa fedha wa wakati ule, Mwigulu Nchemba, alitangaza VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ishuke toka 18% mpaka 16% kwa mnunuzi ambaye hajasajiliwa VAT akilipa kwa benki au kwa njia ya kielektroniki, na lengo wakasema ni kupunguza keshi na kuziba mianya ya kodi. Mimi mauzo yangu hayajafika kiwango cha kusajiliwa VAT, nalipa kodi ya makadirio ya biashara ndogo, ila nataka kuelewa, hela kupita kwenye simu inaongezaje kodi wakati risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, ni kitu kingine kabisa? Si mtu anaweza akalipwa kwa simu na asitoe risiti vilevile? Halafu kwenye laini yangu inaingia mpaka michango ya harusi na ada ya mdogo wangu, TRA, mamlaka ya mapato, wakiangalia humo si watahesabu vyote mauzo?

MamaK_Kkoo:
Kaka umeuliza kitu cha maana sana. Mimi niko Kariakoo nauza vitenge na mashuka, VAT nimesajiliwa, risiti natoa. Kinachotuumiza sisi tunaotoa ni ile bei mbili, mteja anaingia duka la jirani anaulizwa "unataka na risiti au bila risiti?", bila risiti anapunguziwa pale pale ila alipe keshi mkononi. Wanataka keshi kwa sababu haiachi alama yoyote. Mteja anatoka pale anakuja kwangu ananiambia mama wewe unauza ghali! Nauza ghali wapi, mimi nimeweka kodi ya serikali humo ndani. Kwa hiyo wanaosema malipo ya simu ni ya kumkomoa mfanyabiashara mimi siafiki, anayebanwa sana ni anayeficha, mimi ninayetoa risiti nikilipwa kwa simu sina cha kuogopa.

Tena tusiangalie wafanyabiashara tu, tuwaangalie na wanaokusanya kodi. Ule mgomo wa Mei 2023 huku kwetu ulitokana na malalamiko ya namna kodi inavyokusanywa, kamatakamata na mengine mnayajua. Tangu hii control number, namba ya kulipia unayopewa, ianze kwenye malipo ya serikali hela inaenda moja kwa moja, afisa haishiki. Kabla ya hapo noti ngapi ziliishia njiani hakuna anayeweza kusema.

Mhasibu_Mtaa:
Dada MamaK ameongea vizuri, naongezea upande wa hesabu.

Chukua bidhaa ya 100,000 kabla ya kodi. Na VAT ya 18% mteja anatoa 118,000, akilipa kielektroniki kwa 16% anatoa 116,000, yaani ameokoa 2,000. Sasa muuzaji wa "bila risiti" anakwepa 18,000 nzima, anaweza akampunguzia mteja 10,000 akabaki na 8,000 yake mfukoni. Hapo 2,000 ya serikali inashindanaje na 10,000 ya dukani? Na hiyo 2,000 yenyewe mteja aipate kweli, maana bei zetu nyingi zimebandikwa kodi ikiwa ndani, muuzaji asiposhusha bei inabaki kwake. Kwa hiyo punguzo peke yake kwa maoni yangu halitoshi.

Kinachofanya kazi ni alama anayoisema dada. VAT inajilinda yenyewe katikati ya mnyororo, duka likinunua kwa jumla linadai risiti ili lirudishiwe kodi lililolipa. Tatizo liko mwisho, kwa mama wa nyumbani anayenunua shuka, yeye hana cha kurudishiwa kwa hiyo risiti haimhusu. Pale ndipo mauzo yanapotea. Akilipa kwa lipa namba mauzo yameshaandikwa sehemu ambayo muuzaji hana uwezo wa kufuta, na TRA kisheria wanaweza kuomba taarifa za benki na mitandao wakalinganisha na ulichojaza kwenye ritani, ile fomu ya kutangaza mauzo na kodi. Ndugu FundiWaya jibu lako liko hapa, simu haichukui nafasi ya risiti, ila ukilipwa kwa simu usitoe risiti umeacha ushahidi, na mtu akijua ushahidi upo anatangaza mauzo zaidi hata kabla ya kukaguliwa.

MwanaUchumi_Dom:
Kuna mfano mmoja napenda sana kuutoa, Ugiriki. Mwaka 2015 benki zilifungwa kwa muda na watu wakawekewa ukomo wa kutoa keshi euro 60 kwa siku, ikabidi walipe kwa kadi hata wasiotaka, na wachumi walioangalia takwimu baadaye waliona makusanyo ya VAT yanapanda pamoja na matumizi ya kadi. Halafu hawakuishia hapo, miaka ya karibuni wameunganisha mashine za kadi na mashine za risiti, malipo na risiti vinaenda pamoja. Sisi lipa namba iko huku na EFD iko kule, kazi kubwa imebaki hapo.

Ila serikali nayo isijipige risasi mguuni. Julai 2021 tuliletewa tozo za miamala, muamala mkubwa unakatwa mpaka 10,000, watu wakarudi kubeba noti, ikabidi ipunguzwe 30% Septemba ile ile na iendelee kushushwa baadaye. Uganda 2018 waliweka 1% kwenye pesa za simu wakaja kushusha kwa kelele za wananchi. Huwezi kumwambia mtu acha keshi halafu ukamkata kila akiacha keshi!

Kigali_Kwetu:
Niko Rwanda kikazi nawaambia ninachokiona. Mashine zao za risiti, zinaitwa EBM, wanazo tangu 2013, na toka 2024 mteja wa mwisho akidai risiti anarudishiwa 10% ya VAT aliyolipa. Kwa mfano wa Mhasibu ni 1,800 kwenye ile 18,000, sio nyingi, ila inakuja kwako wewe mnunuzi, haipiti kwa muuzaji. Watu wanadai risiti kwa sababu ina hela ndani, nimeona mwenyewe mtu anarudi dukani kuifuata.

FundiWaya_Mza:
Nashukuruni sana, nimeelewa kuhusu alama. Ila la laini yangu bado hamjanijibu, na wenzangu wengi hapa mtaani wanakataa lipa namba kwa hofu hiyo hiyo, wanasema ukipokea kwa simu makadirio yanapanda mwakani.

Mhasibu_Mtaa:
Samahani ndugu nilikupita. Tenga laini ya biashara na laini yako binafsi leo hii, mauzo yote kwenye lipa namba, michango na ada kwenye namba yako. Iliyokwishaingia ukiulizwa uwe na daftari linaloonyesha ipi ni mauzo na ipi sio. Na wenzako hofu yao ni ya kweli, kodi ya makadirio inahesabiwa kwenye mauzo sio faida, kwa hiyo mauzo yakionekana yote kodi inapanda hata kama faida ni ile ile. Duka lenye faida nyembamba linaumia. Hapo mimi nawalaumu wanaopanga viwango, wakitaka watu waonyeshe mauzo yote kwa hiari wapunguze asilimia kwa anayepokea kielektroniki, hata miaka miwili mitatu ya mwanzo. Punguzo la VAT wamempa mnunuzi, mwenye duka dogo kama wewe hajapewa kitu.

MamaK_Kkoo:
Hilo la mwisho lipelekwe kwenye vikao vya wafanyabiashara, sisi huku tutalisema.